Boneti la Landrova na Dume Jeusi

Mwezi uliopita nilikwenda kumzika mama mmoja wa Kibarbaig ambaye maisha yangu yote sijazungumza naye maneno yanayofika ishirini. Niliendesha mwenyewe kutoka Katesh. Malori yangu niliyaacha, na pikapu mpya niliiacha, nikachukua Pijo ya zamani niliyoifufua kwa mikono hii, rangi ya maziwa, viti vya ngozi ya ng'ombe, injini inanong'ona tu. Nilipofika bomani watu waliacha kulia kidogo wakaangalia. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, lakini watu wenye digrii wanatoka Arusha na Moshi kuniletea magari ya babu zao niyarudishie uhai, na nikishalimaliza gari hawaamini kuwa ndilo lile waliloleta limefungwa kamba nyuma ya trekta. Basi pale mazikoni jamaa mmoja akaniuliza, "Mzee Tarmo, marehemu ni nani kwako?" Nikamwambia ni mtu wa zamani. Akaniangalia kama anayesubiri niendelee, nikajifanya nafuta vumbi kwenye kioo cha gari. Hapa nitaendelea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi msaidizi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali, kule uwanda wa Basotu. Aliyeona ngano ile haniulizi ilikuwa kubwa kiasi gani, na ambaye hakuiona hataniamini: unasimama juu ya kombaini unageuka pande zote, ngano, ngano, halafu mlima Hanang umekaa peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Tulikaa kwenye vyumba vya mabati. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, changu na cha Paulo mchomeleaji, kijana wa Maretadu mwenye maneno mengi na macho mekundu ya moto wa gesi. Ukutani tulibandika kurasa za kitabu cha vipuri, kwa hiyo usiku ukigeuka unalala uso kwa uso na picha ya giaboksi. Chakula kilikuwa ugali wa dona na maharage, tunakula watatu kwenye sinia moja, mimi, Paulo, na Mzee Amsi fundi mkuu, ambaye mke wake alibaki Endagikot na yeye hakupenda kula peke yake. Jumapili Paulo alikuwa akipika chapati za ngano iliyomwagika chini ya kombaini, tuliyoifagia na kuisaga wenyewe. Zilikuwa na mchanga kidogo. Unatafuna kwa adabu.

Landrova niliiona baada ya mavuno, mashine zilipoegeshwa na sisi mafundi tukabaki na kazi ya kupaka grisi na kupiga soga. Ilikuwa kwenye boma la Gidamowsa, Mbarbaig mmoja mrefu wa makamo aliyekuwa akija karakana kuomba madebe. Iliwahi kumfia hapo hapo mganga wa mifugo wa enzi za nyuma, akamwachia baba yake Gidamowsa, na tangu hapo ilikuwa nyumba ya ndama. Matairi hayakuwepo, kioo hakikuwepo, viti vililiwa na mbuzi. Lakini chesisi! Nililala chini kwenye samadi nikaigonga kwa spana kuanzia mbele mpaka nyuma, ikalia kama kengele ya kanisa. Moyo ukanienda mbio kama nimeona msichana.

"Nauza kitu gani?" Gidamowsa akaniuliza. "Hilo ni zizi."

"Niuzie zizi."

"Na ndama walale kwako?"

"Ndama nitawaomba radhi mwenyewe."

Akacheka. Tulikubaliana mapipa mawili mazima ya kuwekea maji, ambayo nilipewa na shamba kwa barua, na blanketi moja jipya. Kwa Wabarbaig mwaka ule pipa la maji halikuwa jambo dogo. Njia zao za kupeleka ng'ombe kunywa zilikuwa zimekatwa na ngano, wanazunguka mbali, na sisi wenye ovaroli walituona wote ni ngano tu. Mimi jambo hilo nililijua kama mtu anavyojua mvua inanyesha kijiji cha pili. Nilimwambia Gidamowsa, "Nimenunua gari lote, na kila kilicho chake." Akasema sawa. Maneno hayo, kila kilicho chake, nilijiona mjanja kuyasema.

Mzee Amsi alinipa kona ya karakana. Alipoiona Landrova inaburutwa na trekta ikiwa na samadi mpaka kwenye usukani alivua kofia. "Kijana, wenzako wanaoa walio hai." Lakini kila jioni baada ya kazi alikuwa anapita, anasimama, anakohoa, mwishoni anashika spana. Injini ya asili ilikuwa imeng'ang'ania kabisa, pistoni zimekuwa kitu kimoja na silinda. Kwenye vyuma chakavu palikuwa na injini ya dizeli ya pampu ya maji, meneja akaniandikia kibali niichukue. Injini ya pampu na giaboksi ya Landrova hazijuani. Nilikata bamba la chuma kutoka kwenye jembe la diski lililovunjika, nikalitoboa matundu kwa kukadiria na kamba na chaki, siku tisa, kosa moja tu la unene wa kucha, nikarudia. Hakuna aliyenifundisha. Mainjinia wageni waliokuwa pale shambani walikuja kupiga picha. Springi nilizichomoa kwenye trela, nikapunguza pande za chuma, gari likainuka juu kama ndege anayetaka kuruka. Bodi ya bati laini ilikuwa imepigwa na vichwa vya ndama kwa miaka, nikainyoosha kwa nyundo ya mti na mfuko wa mchanga, pigo dogo dogo, mpaka Paulo akasema usingizini anasikia ko-ko-ko. Wakati wa kupanda ngano injini iliwaka. Ilitoa moshi mweusi, ikatikisika, ikatulia. Mzee Amsi aliinama akaisikiliza sikio likiwa karibu kabisa, kisha akasema neno moja, "Inapumua," akaenda zake haraka nisimwone uso.

Ngano ilipoanza kukauka, kilichobaki ni boneti. Gari lilipoburutwa halikuwa nalo, na mimi kwa haraka ya furaha sikuuliza. Sasa lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya kombaini, limesimama pale, injini nje, kama mtu aliyevaa suti bila shati. Nilikuwa nimeshapanga kulipeleka Mbulu mjini Jumapili, nipite taratibu mbele ya kanisa watu wakitoka. Ndoto hiyo iliniwasha mwili. Paulo akaniambia, "Tengeneza la bati." Nikamwambia, la bati ni la bati. Mimi sikutaka gari linalofanana na Landrova. Nilitaka Landrova.

Jumapili moja asubuhi nikaenda kwa miguu mpaka kwa Gidamowsa. Wanaume walikuwa machungani. Bomani kimya, kuku tu. Nikabisha hodi kwa Kiswahili, nikabisha kwa Kiiraqw chetu, hakuna jibu. Ndipo nikaliona. Lilikuwa limesimamishwa kwenye mlango wa nyumba ya udongo ya upande wa kushoto, limefungwa kwa kamba za ngozi, ndilo mlango wenyewe, na hata ile sehemu ya kuwekea tairi la akiba bado inaonekana. Halikuwa na kutu. Nilicheka kwa sauti peke yangu. Nikafungua kamba, nikalivuta. Na sasa naandika jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilisimulia vingine, kwamba nyumba ilikuwa tupu. Nyumba haikuwa tupu. Mwanga uliingia ndani, na kwenye ngozi chini alikuwa amekaa msichana, mke mdogo wa Gidamowsa, Udagwenga, sijui kama alifika miaka ishirini, kifua wazi, na kitoto kidogo chekundu kinanyonya. Hakupiga kelele. Alikigeuza kitoto upande wa ukutani akaniangalia. Nikasema, "Samahani dada, nachukua boneti langu." Hakujua Kiswahili. Nikasimama pale kwa muda wa kupumua mara mbili tatu, boneti mikononi. Ningeweza kulirudisha. Nikalitia kichwani nikaondoka, na njiani nikapiga mluzi.

Siku ya nne walikuja wanawake wawili karakana. Walikuwa wamevaa sketi za ngozi na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na mmoja alikuwa bibi mrefu tuliyemjua wote kwa sababu alituuzia maziwa kambini. Mashine zote zilizimwa, mimi sijui nani alizizima. Nikamkimbilia nikainama, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Kwetu sisi, wewe unayesoma hili labda umekulia mjini hujui, mtu mzima asipoitikia shikamoo yako ni bora angekupiga. Akasema akina mama watakaa kesho kutwa asubuhi kwenye uwanda nyuma ya boma, na mimi nitakuja. Alisema hivyo tu, kisha wakaondoka, ngozi zinasugua, shwa, shwa, shwa.

Mzee Amsi akanikalisha juu ya tairi. "Ulifanya nini?" Nikamwambia nililiondoa boneti. "Mlangoni kwa nani?" Nikamwambia. "Ndani kulikuwa na mtu?" Nikasema sikuona. Akanieleza kwamba Wabarbaig wana wazee wa kiume wa kuamua mambo ya ng'ombe na malisho, lakini mwanamke akikosewa uanamke wake, hasa mzazi aliyejifungua juzi na hajatoka ndani, wanawake ndio wanaokaa, na hukumu yao mwanamume haipingi, awe mume, awe mzee, awe nani. Wakikutoza dume unatoa dume. Usipotoa wanakusemea maneno. "Maneno gani?" nikauliza. "Sijui," akasema, "waliosemewa siwaoni niwaulize." Nikaenda kwa meneja, mtu wa kutoka mbali, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Wanawake? Nitakuitia polisi." Nilipomrudishia Mzee Amsi maneno hayo hakucheka. "Meneja atahamishwa. Wewe utabaki hapa."

Mchana huo huo nilirudisha boneti. Gidamowsa alilipokea bila kunitazama machoni. "Mtoto anakohoa," akasema. "Upepo umeingia siku nne. Tuliweka ngozi, upepo unapita." Nikamuuliza, kwani hatukukubaliana kila kilicho chake? Akajibu, "Tulikubaliana mimi na wewe. Mlango ni wa mwanamke." Na nyuma yake, ndani, nikasikia kikohozi. Kidogo, kikavu, kama mtu anayevunja vijiti vya kiberiti. Kikohozi kile kilinifuata mpaka karakana. Nikishika nyundo nakisikia. Nikinywa chai nakisikia. Mpaka leo, nikinunua gari bovu kwa mtu, kabla sijagusa kitu naomba niitiwe wanawake wa nyumba hiyo, naamkia, nauliza: kuna kitu cha gari hili mnakitumia? Wateja wanadhani ni maringo yangu ya kifundi. Nimeshakuta taa inanyweshea kuku, nimeshakuta kiti anakalia bibi kipofu. Naviacha hapo hapo. Nitatengeneza vingine.

Kwenye uwanda walikuwa wamekaa wengi, sikuhesabu, macho hayakutulia. Gidamowsa alinisindikiza akasimama mbali. "Mimi hapa siendi mbele," akasema, "mimi ni mwanamume." Nikasema, mimi je? Akasema, "Wewe umeitwa." Nikapelekwa katikati nikakaa chini kwenye nyasi. Yule bibi wa maziwa ndiye aliyeuliza.

"Ulifungua mlango wa nani?"

"Bibi, lile ni boneti la gari, nililinunua kwa—"

"Nimekuuliza mlango wa nani."

"Wa mke wa Gidamowsa."

"Ulijua kuna mzazi?"

"Sikujua, bibi. Niliita hodi, sikuitikiwa."

"Mzazi anaitikia hodi ya nani? Haya, hukujua. Ulipofungua ukaona?"

Walikuwa wananiangalia wote, na mmoja alikuwa anasuka kamba ya ngozi bila kuangalia mikono yake. "Niliona," nikasema.

"Ulipoona, ukaacha?"

"Sikuacha."

Akawageukia wenzake akasema nao kwa Kidatoga, lugha yao. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Waliguna kwa pamoja, chini, kama mtambo unaoanza. Nikatolewa, nikasubiri na Gidamowsa, nikaitwa tena. Dume jeusi. Lisiwe na doa. Liletwe kabla mwezi haujafa. Nikauliza, na mtoto je? Bibi akasema, "Wewe lete dume. Mtoto tunamwangalia sisi."

Nilirudi kambini nikakuta sinia imewekwa. Mzee Amsi alikuwa amenipakulia ugali wangu pembeni, kwenye bakuli la bati. Sikuuliza, maana hata kwetu Mbulu mtu mwenye jambo la namna hiyo anakaa pembeni na moto wake na chombo chake mpaka lisafishwe, wasije wengine wakaambukizwa balaa lake. Nilijua. Sikuwahi kufikiri nitakuwa mimi. Nilikula nimewapa mgongo. Kesho yake, nikiwa chini ya kombaini, nikamsikia Paulo anaongea na dereva upande wa pili wa mabati. "Mimi nalala naye chumba kimoja," anasema. "Hilo jambo likija usiku litajua kitanda kipi?" Dereva akacheka. "Andika jina lako kitandani." "Halijui kusoma hilo," Paulo akasema, na hakuwa anacheka. Jioni alihamisha godoro lake kwenda stoo ya matairi. Nikabaki na picha za giaboksi. Usingizi haukuja. Nilisikiliza mapigo yangu ya moyo kama ninavyosikiliza injini, nikaona kila moja lina kasoro: hili limechelewa, hili ni zito, hili litakuwa la mwisho.

Sikuwa na ng'ombe. Akiba yangu yote, na saa ya mkononi, na redio, vilinipatia mnadani dume moja zuri lenye nguvu, lakini la rangi ya kahawia iliyokoza, na chini ya tumbo lina doa jeupe la ukubwa wa kiganja. Dume jeusi tupu lilikuwa nje ya uwezo wangu, na mwezi ulikuwa umeshakonda. Hapo ufundi wangu ukaniingia kichwani. Mtu anayeweza kulifanya zizi la ndama liwe Landrova nyekundu, atashindwa na ng'ombe? Nilichukua oili chafu, nikachanganya na masizi ya bomba la moshi la kombaini, nikalipaka lile dume kwa brashi, mkono wa kwanza, likakauka, mkono wa pili. Doa nililipiga mara tatu. Nikasimama mbali nikaliangalia kama ninavyoliangalia gari. Lilikuwa linang'aa. Nisiseme uongo, hata pale, na hofu yote ile, nilijisifu.

Tulifika kwenye uwanda jua limepanda. Oili na jua mnavijua. Nzi walikuwa wameshajua zamani. Njia nzima lile dume lilikuwa linajilamba na kutema, na miguu yake ilikuwa inadondosha matone meusi kwenye nyasi, nami nikayakanyaga nikitembea ili yasionekane. Yule bibi alilizunguka mara moja. Akaweka kiganja chake kwenye bega la dume, akakiteremsha polepole mpaka tumboni, akakiinua akawaonyesha wenzake. Cheusi. Na pale kiganja kilipopita palikuwa na mstari wa kahawia. Mwanamke mmoja kijana akacheka, wakacheka wote, wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega, na mimi kwa upumbavu nikaanza kucheka nao. Wakaacha kwa pamoja.

"Unadhani dume ni gari?" bibi akasema.

"Bibi, nisamehe."

"Umemfungulia mzazi mlango. Sasa umetuletea uongo wenye miguu minne." Alijipangusa kiganja kwenye nyasi, kidole kwa kidole. "Mtoto jana hakunyonya."

Gidamowsa nilipomfikia alinishika bega akanigeuza upande wa njia. "Nenda," aliniambia, "nenda kabla hawajasimama. Wakisimama wote wakakupa mgongo, imekwisha. Siku tatu. Nimewaomba kwa mbali, kwa jina la huyo mtoto. Siku tatu." Nilitembea kurudi karakana nikilivuta lile dume langu lenye mstari, na kila nikigeuka nyuma kuangalia kama wamesimama shingo inauma. Sikufikiri tena habari ya kufa kwangu. Nilikuwa nafikiri kwamba kuna nyumba moja pale uwandani, ndani yake kuna kitoto ambacho jana hakikunyonya, na mimi nilipiga mluzi.

Bashay, juu milimani, kulikuwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi ambaye wakati wa kupanda aliwahi kuja karakana, akaizunguka Landrova yangu kabla haijaisha, akasema siku nikiichoka nimkumbuke. Alfajiri niliiwasha. Mzee Amsi alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na blanketi mabegani. "Unaipeleka?" "Naipeleka." Akaja akaangalia maji, akaangalia oili, akakaza nati moja ambayo nilijua imekaza. Safari ile ndiyo safari ya kwanza na ya mwisho niliyoliendesha gari lile mbali. Nilikuwa nimeota nikipita polepole watu wakiangalia. Watu waliangalia kweli, nyekundu ile kwenye vumbi la asubuhi, injini wazi inaonekana inavyocheza, watoto wanakimbia pembeni, na mimi sikumpungia hata mmoja. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisikiliza. Kila mlio niliusikia kama ndio mwisho: bamba langu limepasuka, klachi imeungua, maji yamechemka. Mvua ya rasharasha ikaanza kwenye mlima, matone yanaangukia injini yanafuka, nikavua shati langu nikafunika pampu ya dizeli nikaendelea kifua wazi. Gari lilipanda. Nakwambia, lilipanda mlima ule likinguruma kwa sauti moja, halikukohoa hata mara moja, na mimi nilikuwa nalia, na sijui nilikuwa nalia kwa sababu gani kati ya sababu zote nilizokuwa nazo.

Yule mzee wa Bashay hakunipunja. Alinionyesha madume, nikachagua jeusi, nikalikagua kwa mkono wangu mwenyewe kuanzia pembe mpaka mkia, chini ya tumbo, katikati ya miguu, akaniuliza, "Kijana, unatafuta nini humo?" Nikasema natafuta ukweli. Mke wake alinipa shati kuukuu la mume wake na kibuyu cha maziwa mgando. Nilinywa nimesimama. Kisha nikageuka nikaanza kulishusha dume lile kwa miguu, siku mbili, nalala palipo na boma linalonikubali, na kila nilipoulizwa naenda wapi nilisema kweli, yote, na kuona aibu nikaona. Ile hadithi ya nyumba tupu niliianza baadaye, nilipopata pesa.

Siku ya tatu asubuhi niliuona uwanda. Nikapunguza mwendo. Nilikuwa naogopa masikio yangu. Kama kuna kilio cha watu wazima nitakisikia kutoka mbali, nikasema, na nikisikia nitafanya nini na dume hili? Nikatembea, nikasimama, nikatembea. Upepo ulikuwa unatoka bomani kuja kwangu. Halafu nikasikia mtoto analia. Alikuwa analia kwa hasira, kwa kifua kizima, kilio cha mtu aliyenyimwa haki yake ya maziwa. Nimeshasikia injini nyingi zikiwaka mara ya kwanza baada ya miaka ya kufa. Bado haijatokea iliyonishusha magoti kama sauti ile. Nilikaa chini kwenye nyasi na kamba ya ng'ombe mkononi, mpaka dume likaanza kunivuta.

Walilipitishia viganja, wote, mmoja mmoja. Viganja vilitoka safi. Walilichinja kwa namna yao na kulila wao kwa wao. Sisi wanaume tulikaa mbali, Gidamowsa na mimi, tukisikia harufu na nyimbo, na yeye akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto ni wa kike. Mchana yule bibi alinijia na kibuyu kidogo. Akanitaka niiname. Akatia kinywani pombe ya asali akanipulizia kichwani na kifuani, matone yakanidondokea, akasema maneno kwa Kidatoga ambayo sikuyajua na sikuuliza. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akaniacha kidogo nimeinama vile vile. "Marahaba," akasema.

Nilipoondoka nilipita mbele ya ile nyumba, mbali kidogo, macho chini. Boneti lilikuwa limefungwa mahali pake kwa kamba mpya. Kutoka ndani sauti ya Udagwenga ikasema kitu kifupi. Gidamowsa akanitafsiria bila mimi kuomba: "Anasema utembee salama." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia, na ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda kumzika.

Kambini nilifika saa nane, mavuno yamechanganya, kombaini zote ziko shambani, karakana tupu, kona yangu imefagiwa na mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kulia kwa sababu miguu haikuwa na pengine pa kwenda. Mzee Amsi na Paulo walikuwa wamekaa na sinia katikati yao. Nilisimama mlangoni na shati la watu, miguu imevimba, nikanusa harufu ya asali mwilini mwangu mwenyewe. Paulo aliacha kutafuna. Nikatafuta kwa macho lile bakuli la bati, nilichukue nitoke nje. Sikuliona. Mzee Amsi aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyokagua mashine iliyorudi kutoka shambani, halafu akajivuta upande mmoja wa benchi, akamsukuma Paulo kwa kiwiko naye asogee.

"Nawa mikono," akasema. "Ugali unapoa."

Nikanawa, nikakaa katikati yao, nikala. Vyakula vyote vya mwaka ule nimevitaja hapa na nina hakika navyo. Siku hiyo sikumbuki mboga ilikuwa nini.